Nilivyovujisha mtihani wa ubongo wa mume wangu, na tulivyokamatwa

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlio wazima na mnaosoma humu mkiwa mmelala wodini.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Kilosa, pale Magomeni. Nimesimamia mitihani miaka mingi. Nimekamata vikaratasi kwenye soksi, kwenye nywele, mpaka ndani ya andazi. Leo nimekuja kuungama kwenu kwamba kuna mtihani mmoja niliuvujisha mimi mwenyewe kwa mkono wangu, tena wa hospitali.

Haya yote yalitokea nyumbani kwangu. Chumvi sitaongeza, maana mume wangu ana presha.

Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye chai aisogeze.

Mume wangu, tumwite Baba Tumaini, ni dereva wa magari ya watalii Mikumi. Miaka kumi na minane anaingiza wageni mbugani asubuhi na kuwatoa jioni. Mimi na nyumba tupo Kilosa, yeye huja akipata mapumziko. Ni mtu wa maneno mengi na utani, na wanyama anawajua kwa majina kuliko anavyowajua ndugu zangu.

Mwaka jana, mchana, akiwa kambini anakagua tairi, kichwa kilimuuma ghafla kuliko alivyowahi kuumwa maishani. Akakaa chini. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kushoto ukalegea.

Wenzake hawakubishana wala kutafuta mtu wa kusema amerogwa. Walimpakia kwenye gari wakakimbia naye hospitali. Nawaombea baraka mpaka leo, kwa sababu daktari alisema kuwahi kule ndiko kulikomwokoa.

Picha ya kichwa, CT scan, ikaonyesha damu imevujia ndani ya ubongo, upande wa kulia. Sababu ni presha. Na dawa za presha alikuwa ameziacha miezi kadhaa nyuma kwa sababu, namnukuu, "nilikuwa najisikia vizuri." Wanaume humu ndani, hapo nimewaandikia ninyi.

Wiki za wodini naziruka, kila aliyeuguza anazijua. Alirudi nyumbani anatembea, anaongea, anatania. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito kidogo tu. Kanisani tulipigiwa makofi.

Tena wakuu, niwaambie ukweli, alirudi mume bora kuliko yule aliyeondoka.

Zamani Baba Tumaini akila, sahani inabaki inang'aa, hata mwiba wa samaki unaondoka na aibu. Sasa akawa anakula nusu, halafu anaisogeza sahani kwangu na nusu ya pili. Kila siku. Ugali nusu, mboga nusu. Mimi nikajua mtu ameonja kifo, ameanza kumpenda mkewe. Nikawasimulia akina mama wenzangu wa kanisani, na wawili walienda kuwasema waume zao.

Tatizo lilikuwa moja. Mtaani wakaanza kulalamika kwamba ana maringo. Vijana wanampa shikamoo, anapita kimya. Mnajua huku kwetu, shikamoo isiyopata marahaba ni kesi. Mama mmoja jirani aliniambia mume wangu tangu apigwe picha ya kichwa anajiona profesa. Na ndevu alikuwa ananyoa upande mmoja. Wifi yangu Mage, dada yake, akasema ni fasheni ya watalii. Tulicheka sana, tukayaacha.

Sasa kazi.

Meneja wa kambi ni mtu mwema. Alisema nafasi ya Baba Tumaini ipo, ila hatagusa usukani mpaka alete barua ya hospitali kwamba kichwa kinafaa kuendesha watu. Mwisho wa kusubiri ni kabla ya msimu wa wageni wengi kuanza. Baada ya hapo atachukuliwa dereva mwingine.

Mume wangu bila usukani ni mtu mwingine, wakuu. Alikuwa anakaa barazani anahesabu malori kwa sauti ya injini. Nilimwonea huruma mpaka nikawa nalia nikiosha vyombo. Barua ile niliitaka kuliko yeye.

Tukaenda kupimwa. Nilidhani ataingizwa tena kwenye mashine. Kumbe mtu akishavuja damu kichwani, picha inaonyesha kidonda kilipo, lakini haikuambii kimeharibu nini katika kufikiri kwake. Hilo linapimwa kwa maswali, kalamu na karatasi.

Mpimaji alikuwa dada mdogo, mpole, ana miwani. Akaniruhusu nikae pembeni nisiseme kitu. Lilikuwa kosa lake la kwanza na la mwisho.

Akamuuliza siku, mwezi, tupo wapi. Akamtajia maneno matano ayashike, atamuuliza baadaye: kijiko, mlima, kofia, samaki, barua. Akamwambia atoe saba kutoka mia, aendelee kutoa saba. Achore saa yenye namba zake zote.

Kisha akamwambia ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja.

Wakuu, mnamwambia nani huyo. Baba Tumaini akakaa vizuri kwenye kiti. Tembo, nyati, twiga, pundamilia, nyumbu, ngiri, swala pala, pofu, kuro, kiboko, fisi, nguchiro. Mbwa mwitu, hao ukiwaona katoe sadaka. Simba, huyo msije wikiendi, anajificha. Yule dada mistari ilimwishia kwenye fomu akawa anaandika pembeni. Dakika ikaisha, mtu yuko kwa ndege sasa. Mimi pale nikajua barua tunayo.

Huko kwingine ndiko tulikoanguka. Maneno matano alikumbuka moja. Hesabu alifika themanini na sita akasema inatosha. Saa yake ilikuwa na namba zote kumi na mbili, ila zimebanana upande wa kulia kama abiria wanaokimbia jua. Sikushtuka. Mume wangu kuchora hajawahi kujua.

Jumla kumi na saba kati ya thelathini.

Yule dada alisema alama zisitutishe, kwamba wanyama ni kazi yake ya miaka yote ndiyo maana hawajaguswa, na kwamba kuna kitu kwenye ile saa anataka kukifuatilia vizuri. Turudi baada ya wiki sita, barua ngoja kwanza. Nawaandikia maneno hayo leo kwa sababu baadaye aliyarudia. Siku ile sikuyasikia. Nilisikia kumi na saba kati ya thelathini, na kichwani nikawa nimeshapiga asilimia: C.

Mwanafunzi akipata C, mwalimu anafanya nini?

Maswali yote nilikuwa nimeyakariri nikiwa pale pembeni. Tulipofika nyumbani, kabla sijavua viatu, niliyaandika kwenye daftari la maandalio ya somo. Kesho yake nikanunua karatasi za manila za kubandika ukutani.

Nikapanga ratiba. Asubuhi kabla sijaenda shule, maneno matano. Jioni, hesabu. Jumamosi, saa: nilimfundisha aanze na kumi na mbili juu, sita chini, tatu hapa, tisa pale, halafu ajaze katikati. Akawa anaichora kwa kukariri, safi kabisa.

Maneno matano yalitusumbua mpaka alipoingia Wifi Mage. Yeye ni mwanakwaya wa sauti ya kwanza. Akasema kaka yake tangu utoto hashiki kitu mpaka kiimbwe. Akayatungia wimbo. "Kijikooo, mlimaaa, kofia na samaki, na baruaaa." Na kiitikio. Baada ya siku tatu ukoo mzima ulikuwa unauimba, hata mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Mvumi aliondoka nao.

Siku moja tu Baba Tumaini aliweka kalamu chini akaniuliza, "Mama Tumaini, huku si kudanganya?"

Nikamjibu, "Huku ni maandalizi."

Akaitikia kwa kichwa. Mwalimu amesema.

Nikatunga mitihani ya majaribio, pre-mock na mock. Mock ya pili alipata ishirini na nane. Siku hiyo nilichinja kuku, na niliona fahari ambayo sijawahi kuipata kwa darasa langu lolote. Alikula nusu ya kuku, sahani akaisogeza kwangu na nusu nyingine.

Wiki sita zikaisha, tukarudi.

Yule dada aliingia akapita upande wa kushoto wa mume wangu, akainama kidogo, "Shikamoo baba." Kimya. Nikamfinya, akageuka kwangu. Dada akaandika kitu kwenye karatasi. Mimi nikasema moyoni, mtihani haujaanza huyu anaandika nini.

Akakaa. Akauliza leo ni siku gani.

"Jumanne," akajibu kwa sauti kubwa. Jumanne ndiyo siku tuliyokuja mara ya kwanza. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Dada akasema, "Baba, nitakutajia maneno matano, uyashike."

Hajafungua mdomo kutaja hata moja, Baba Tumaini akaanza kuimba. Kijikooo, mlimaaa. Akaimba yote, na kiitikio akakirudia mara mbili kama Mage alivyomfundisha.

Yule dada akageuza fomu, akasema, "Haya baba, toa saba kutoka sitini."

"Tisini na tatu," akajibu mume wangu. "Themanini na sita. Sabini na tisa. Sabini na mbili. Sitini na tano." Halafu akageuka kunitazama, anasubiri nimpe vema.

Dada akaweka kalamu mezani. Akanigeukia mimi.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Mwalimu," nikasema, sauti imebaki nusu.

"Darasa la ngapi?"

"La tatu."

Wakuu, yule binti alicheka mpaka akalaza kichwa mezani, miwani ikaanguka. Akawa anafuta machozi anajaribu kuomba radhi, anashindwa. Baba Tumaini naye akacheka kwa sababu anapenda watu wakicheka. Nikacheka na mimi, kwa aibu kwanza, halafu kwa kweli. Nesi wa chumba cha pili alikuja kuchungulia.

Kumbe mtihani ule una fomu zaidi ya moja, na zinabadilishwa makusudi kwa ajili ya watu kama mimi.

Aliponyamaza alitoa karatasi moja kwenye droo. "Hii mwalimu hajaiona," akasema.

Ilikuwa imejaa vinyota vidogo, ukurasa mzima. Akamwambia Baba Tumaini akate kila nyota kwa kalamu. Akakata haraka haraka, akaweka kalamu. "Nimemaliza."

Nikachungulia.

Nusu ya kulia ya karatasi, nyota zote zimekatwa, hajaacha hata moja. Nusu ya kushoto hajagusa hata moja. Ungedhani mtu amepiga mstari wa rula katikati.

"Baba, umemaliza zote?"

"Zote."

"Una uhakika?"

"Dada, mimi naona chui juu ya mti wageni wakiwa na darubini hawajamwona."

Akaichukua ile karatasi, akaigeuza juu chini, akamrudishia. Upande aliouacha sasa ukawa kulia kwake. Baba Tumaini akaitazama muda mrefu. Cheko likamfutika usoni.

"Hizi zimetoka wapi?" akauliza.

Hakuna aliyecheka tena.

Dada akatueleza taratibu. Macho yake ni mazima. Ila ile sehemu ya ubongo iliyoloa damu ndiyo inayomwambia kwamba dunia ina upande wa kushoto. Imeumia. Kwa hiyo haoni giza upande ule, haoni kitu kinachokosekana, kwake upande ule haupo kabisa. Na kwa sababu haupo, hajui kwamba haupo.

Kisha akaniuliza mimi, "Nyumbani huwa anabakiza chakula upande mmoja wa sahani?"

Nikamkumbuka kuku wa mock.

Kumbe sikuwa nikipendwa, wakuu. Nilikuwa upande wa kushoto wa sahani.

Ndevu. Shikamoo za vijana. Ile saa yenye namba zilizokimbilia kulia, ambayo mimi mwalimu mzima nilikaa Jumamosi sita kuifundisha itoke vizuri. Alama ya ugonjwa ilijionyesha yenyewe, mimi nikaisahihisha.

Halafu nikafika barabarani, kichwani. Nchi hii tunaendesha kushoto. Upande wa kushoto wa dereva ndiko waliko watembea kwa miguu, na baiskeli, na mama mwenye ndoo. Barabara ya Kilosa kwenda Mikumi haina njia ya pembeni. Watoto wangu wa darasa la tatu wanaikanyaga kila asubuhi, kwenye ukingo ule ule. Mimi nilikuwa nimebakiza swali moja na wimbo mmoja nimpe mume wangu barua ya kupita pale bila kuwaona, na bila kujua kwamba hawaoni.

Nililia palepale. Baba Tumaini akanishika mkono, akauliza nimefeli mimi au yeye.

Dada akasema maneno ambayo nimeyaandika nyuma ya lile daftari la maandalio. "Mwalimu, huu si mtihani wa kufaulu. Nikijua anapokosea ndiyo najua pa kumsaidia. Ukinificha makosa umenificha mgonjwa."

Hapo ndipo kazi ya kweli ilipoanza, na wakuu, tulifurahi kuliko wakati wa mock.

Tuligeuza mtaa mzima kuwa hospitali. Nilizunguka nyumba kwa nyumba kueleza kwamba Baba Tumaini hana maringo, ana kidonda, na dawa yake ni shikamoo za kushoto. Vijana wa bodaboda wakaifanya mashindano. Anayempa shikamoo kutoka kushoto mpaka ageuke na kuitikia marahaba, amefunga goli. Kuna siku alirudi kutoka dukani amefungwa magoli tisa. Yule mama aliyemwita profesa ndiye aliyeongoza ligi.

Sahani tukawa tunaizungusha katikati ya mlo. Mara ya kwanza alishangaa kama mtu aliyeongezewa ugali kwa miujiza. Kwenye kila karatasi nilipiga mstari mwekundu ukingo wa kushoto, anaambiwa asianze mpaka ameugusa kwa kidole. Mkono wa kushoto tukamfunga kitambaa chekundu. Mage akabadilisha maneno ya wimbo ukawa, "Kushoto bado kupooo," anauimba akiwa upande huo huo mpaka kaka yake amtafute. Dawa za presha anameza mbele ya macho yangu, na mdomo anafungua nikague.

Siku mbaya zilikuwepo. Alikuwa anakasirika, anasema tunamfanya mtoto. Kuna siku aligonga fremu ya mlango kwa bega la kushoto akaulaumu mlango. Msimu wa wageni ulifika na nafasi yake akapewa dereva mwingine. Akarudi barazani kuhesabu malori.

Baada ya miezi mingine tukarudi kupimwa. Nilipotaka kuingia, yule dada akanyoosha kidole kwenye benchi la nje. "Mwalimu, wewe leo hapa." Nikakaa. Mlango waliuacha wazi kidogo kwa sababu ya joto.

Nilisikia maswali mapya, majibu mengine sahihi, mengine hapana. Nikabana midomo. Kisha nikasikia karatasi ikiwekwa mezani, na kalamu ikikata, kata, kata.

"Nimemaliza," akasema.

Nikafumba macho.

Halafu nikamsikia, polepole, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu yule wa maneno mengi:

"Hapana, ngoja dada. Zipo nyingine sizioni. Najua zipo."

Nikasikia kidole chake kikiburuzwa juu ya karatasi kutafuta ukingo. Kisha kalamu ikaanza tena.

Wakuu, nilicheka na kulia kwa pamoja mpaka kitenge kikaloa. Mama mmoja pale benchini akanishika bega, akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia hapana mama, mume wangu hajaona nyota, na amejua mwenyewe.

Alipata ishirini na mbili, ndogo kuliko mock zangu zote. Nyota tatu hakuziona kabisa. Barua ya kuendesha hakupewa, na hakuiomba. Alimpigia meneja mwenyewe akamwambia, "Usinipe gari bosi, kuna upande bado sijaaminiana nao." Meneja akamwita arudi kama mwongoza watalii. Anakaa kiti cha mbele, mwingine anaendesha, yeye anaongea. Wageni wanampenda. Anawaambia kabisa, upande wa kushoto mnisaidie kuangalia, na wanaangalia kwelikweli.

Nilichojifunza nakisema bila kupamba. Ukimuuguza mtu aliyevuja damu kichwani, usimjibie, usimfiche, usimpambe mbele ya mpimaji. Mwache akosee mbele yake. Jambo unaloliona ni upole mpya, maringo mapya au uvivu mpya, lipeleke ukaliseme. Na dawa za presha hazisubiri ujisikie vibaya.

Sasa semeni na ninyi. Aliyeuguza kiharusi, kitu gani kidogo nyumbani mlikicheka kumbe kilikuwa ugonjwa? Na wenzangu mliowahi kumwandalia mgonjwa wenu majibu, jitokezeni nisibaki peke yangu kizimbani. Wataalamu mkinisahihisha nitashukuru. Kalamu nyekundu leo nimewaachia ninyi.